Ubongo Wetu Unavyoamua Wakati wa Hofu, Hasara na Ahadi

Somo hili ni kwa ajili ya familia zilizokimbia makwao kwa sababu ya vita, na kwa viongozi wao: prezida wa kambi na kamati yake, wakuu wa nyumba kumi, wachungaji na mashehe, viongozi wa vikundi vya akina mama na vya vijana. Mtu anaweza kulisoma peke yake. Lakini linafaa zaidi likisomwa kwa sauti katika kikundi, sehemu moja kwa siku, kisha watu wazungumze. Maswali yako mwishoni.

Lengo la somo: Kuelewa namna ubongo wa mwanadamu unavyopima faida, hasara na hatari, ili tuamue vizuri zaidi sisi wenyewe, na ili viongozi wasiwashe moto bila kujua.



Mtu aliyekimbia vita anaamua kwa wiki moja mambo ambayo mtu aliye nyumbani kwake haamui kwa mwaka mzima. Turudi kijijini au tungoje? Tuuze nusu ya unga ili tupate pesa ya dawa? Mtoto abaki nasi au aende kwa shangazi yake mjini? Yule anayesema njia ni salama, tumwamini? Na kiongozi naye ana yake: nani aandikwe kwenye orodha, nani aachwe?

Mara nyingi watu wa nje wakitazama maamuzi hayo wanatikisa kichwa. Mama ameuza mafuta ya msaada, wanasema hajali watoto. Kijana amefuata wenye silaha, wanasema ni mjinga. Familia imerudi kijiji ambacho bado kina vita, wanasema haina akili. Sisi tunaofanya kazi pamoja nanyi tunayasikia maneno hayo, na si ya kweli. Wataalamu wamechunguza fikra na maamuzi ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, ya wakulima wa India, na ya watu wengine wengi. Wamekuta kwamba mara nyingi watu wanaamua kwa njia zinazofanana. Tofauti ni mzigo ambao ubongo umebebeshwa.

Jambo kubwa la kushika katika somo hili ni hili: ubongo haupimi kitu peke yake. Unapima tofauti kati ya kile ulichotazamia na kile kilichokuja. Tena kile kilichopungua unakipima kwa uzito kuliko kile kilichoongezeka. Tukielewa hilo, tutaelewa pia kwa nini ugomvi mwingi wa kambini na wa mashambani unaanza.

1. Kengele na breki

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na gramu 300 au 400. Ni sehemu ndogo ya mwili, karibu asilimia 2 tu ya uzito wote, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu tunazopata katika chakula. Ndiyo maana mtu mwenye njaa anachoka hata akiwa amekaa.

Ndani kabisa, upande wa kulia na wa kushoto, kuna kiungo kidogo kinachoitwa amigdala. Tunaweza kukiita kengele. Kazi yake ni kutambua hatari haraka, hata kabla hujafikiri. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, miguu inakuwa tayari kukimbia. Mbele, nyuma ya paji la uso, kuna sehemu ya kufikiri kwa utulivu, kulinganisha, kungoja na kujizuia. Tuiite breki.

Kengele ni ya haraka, breki ni ya polepole. Risasi zikilia, tunashukuru kwamba kengele ni ya haraka. Lakini kengele ikilia mara nyingi, inazoea kulia hata kwa jambo dogo. Wazee walisema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtoto anayejificha chini ya kitanda kwa sababu bati limeanguka hana wazimu. Kengele yake imejifunza kile ilichofundishwa na vita.

Jambo lingine ni umri. Sehemu hii ya breki inaendelea kukomaa hadi mtu afikie karibu miaka 25. Kijana wa miaka 15 anaweza kubeba mfuko wa makala kama baba yake, lakini breki yake bado haijakomaa. Wanaotafuta vijana wa kubeba silaha wanalijua hilo, hata kama hawakusoma kitabu chochote. Kwa hiyo tusimwachie kijana peke yake uamuzi mzito, halafu tukamlaumu.

Kengele ina udhaifu mmoja ambao unaua watu. Inasikia hatari yenye kelele na kuiacha hatari ya kimya. Tafiti zilizofanywa katika nchi yetu wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, na miaka iliyofuata, zilionyesha kwamba wengi waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, magonjwa ya kifua na utapiamlo. Risasi ina sauti, lakini maji machafu hayana sauti.

Mji wa Goma ulituonyesha jambo hili mwaka 2021. Tarehe 22 Mei, jioni, mlima Nyiragongo ulilipuka. Matetemeko yakaendelea, na tarehe 27 Mei wakuu wa jimbo wakaamuru watu wa kata 10 za mji waondoke. Mamia ya maelfu wakaondoka, wengine kuelekea Sake, wengine Rutshuru, wengine Rwanda. Amri ile ilikuwa na sababu. Lakini wakati macho yote yalikuwa juu ya mlima, hatari nyingine zilikuwa barabarani: watoto walipotezana na wazazi, maji safi yalikosekana, na hofu ya kipindupindu ikaingia. Familia iliyokuwa imeandika jina la mtoto na la kijiji chake kwenye karatasi, ikaiweka mfukoni mwake, ilikuwa imeifikiria hatari ya pili.

Kumbuka: kila hatari yenye kelele huwa na ndugu yake wa kimya. Kabla ya kukimbia, na kabla ya kurudi, mtafuteni huyo wa pili.

2. Ahadi ni deni, hata ndani ya ubongo

Katika miaka ya 1980 na 1990, mtaalamu Wolfram Schultz alichunguza ubongo wa nyani huko Uswisi. Alitazama seli zinazotoa dawa ya mwili inayoitwa dopamini. Nyani alipopewa tone la maji ya matunda bila kutazamia, seli zile ziliamka kwa nguvu. Kisha wakaanza kumwonyesha taa kabla ya kumpa tone. Baada ya siku kadhaa, seli ziliamka taa ilipowaka, na tone lilipofika zilikaa kimya. Nyani alikuwa amekwisha kulihesabu kuwa ni lake.

Kisha wakawasha taa bila kuleta tone. Saa ile ile ambayo tone lingefika, seli zilishuka chini kuliko zilivyokuwa siku ambayo hakukuwa na taa wala tone. Mwaka 1997, Schultz na wenzake wawili, Peter Dayan na Read Montague, walieleza maana yake: seli hizi hazihesabu tuzo, zinahesabu tofauti kati ya tuzo iliyotazamiwa na ile iliyofika.

Viongozi wetu, lifikirini jambo hili vizuri. Watu wawili hawakupata maharage leo. Wa kwanza hakuahidiwa chochote. Wa pili aliambiwa juzi kwamba maharage yanakuja, akapanga mstari tangu alfajiri na jetoni mkononi, jioni akaambiwa lori halikufika. Vyombo vyao viko vitupu sawasawa. Lakini ndani ya ubongo wao hali haifanani: wa kwanza amebaki pale alipokuwa, na wa pili ameporomoka. Na mtu aliyeporomoka hutafuta wa kulaumu. Atasema kamati imekula, au kabila fulani limependelewa, au watu wa shirika ni wezi.

Kwa hiyo msitangaze mgao kabla ya kuwa na uhakika. Ikiwa uhakika ni nusu, semeni ni nusu. Na lori lisipofika, waambieni watu mapema, kabla hawajapanga mstari, hata kama habari hiyo inaleta aibu. Sisi wa mashirika hili linatuhusu kwanza kuliko wote.

Kuna jambo lingine ambalo Schultz na wenzake walilitangaza mwaka 2003. Waliwapa nyani ishara mbalimbali: moja ilimaanisha tone litakuja hakika, nyingine kwamba halitakuja kabisa, na nyingine kwamba huenda likaja, huenda lisije. Wakati wa kungoja, seli zile zilipanda juu zaidi pale ambapo uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu. Maana yake, kutojua kwenyewe kunaushika ubongo. Ndiyo maana mtu anaweka pesa zake za chakula kwenye mechi za mpira, anapoteza, na kesho anarudi. Ndiyo maana kijana anakaa miaka mitano kwenye machimbo ya dhahabu akisema, "Kesho ndiyo siku yangu." Si uvivu wala laana. Ni ubongo ulioshikwa na "huenda". Dawa yake ni kuhesabu: wiki hii niliingiza ngapi, na nilitoa ngapi? Andika kwenye karatasi. Ubongo unaweza kukumbuka siku ya kushinda na kuisahau siku ya kupoteza, lakini karatasi inaziweka zote mbili.

3. Kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha

Mwaka 1979, wataalamu wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walitoa mafundisho yaliyobadili namna watu wanavyoelewa maamuzi. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Tversky alikuwa amefariki mwaka 1996. Walionyesha kwamba hasara ina uzito kuliko faida ya kiasi kile kile. Mwambie mtu: "Turushe sarafu. Ukishinda utapata franka 10,000, ukishindwa utatoa franka 10,000." Wengi watakataa. Mara nyingi wanataka faida iwe karibu mara mbili ya hasara ndipo wakubali.

Lakini hapo ndipo panapogeuka. Mtu ambaye tayari anajiona ndani ya hasara haogopi tena kubahatisha. Anatafuta bahati ya kurudisha vyote kwa mara moja.

Mwaka 1981 walifanya jaribio ambalo linajulikana sana. Waliwaambia wanafunzi: ugonjwa unakuja, utaua watu 600, chagueni mpango. Kikundi cha kwanza kiliambiwa: mpango mmoja utaokoa watu 200 hakika, mpango mwingine una nafasi moja kati ya tatu ya kuokoa wote 600, na nafasi mbili kati ya tatu za kutomwokoa yeyote. Asilimia 72 walichagua kuokoa 200 hakika. Kikundi cha pili kilipewa hesabu ile ile kwa maneno mengine: mpango mmoja watu 400 watakufa, mwingine una nafasi moja kati ya tatu kwamba hakuna atakayekufa, na nafasi mbili kati ya tatu kwamba watakufa wote 600. Safari hii asilimia 78 walichagua kubahatisha.

Hesabu haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maneno. Waliposikia "kuokoa", walishika cha hakika. Waliposikia "kufa", walibahatisha.

Sasa tulete jambo hili kwetu. Tuseme mtu alikuwa na shamba, nyumba ya mabati na mbuzi watano. Vita vilipita, vyote vimekwenda. Ukimwambia, "Tutakusaidia upate mbuzi mmoja," wewe unaona umempa mmoja, yeye anaona wanne bado hawapo. Akija mwingine na kumwambia, "Chukua silaha, turudishe vyote," maneno hayo yanaingia moja kwa moja mahali panapouma. Anayesajili watu hahitaji kusema uongo mwingi. Anahitaji tu kuwakumbusha hasara yao kila siku, na kunyamaza juu ya ile nafasi mbili kati ya tatu ya kufa wote.

Jambo hili linaonekana pia katika magomvi ya mashamba. Familia inarudi, inakuta mtu mwingine analima pale. Aliyerudi anahesabu kila mita atakayoiacha kuwa hasara. Aliyelima miaka sita anahesabu hivyo hivyo. Kila mmoja anaona kwamba yeye ametoa sana na mwenzake ametoa kidogo, na kila mmoja anasema kweli kama anavyoisikia moyoni. Mpatanishi akiuliza, "Wewe utaachia nini?" ameanza kwa kuwachoma wote wawili. Heri aulize kwanza, "Ni nini ambacho usingependa kabisa kukipoteza?" Mmoja atasema kaburi la baba. Mwingine atasema muhogo ambao bado uko ardhini. Mara nyingi vitu hivyo viwili havigongani. Mpatano unaanza kwa kile ambacho kila mmoja atabaki nacho, ndipo unafika kwa kile atakachoacha.

Kumbuka: anayetaka vita anazungumza juu ya kile kilichopotea tu. Anayetaka amani hakatai hasara, lakini anahesabu pia kilichobaki na kinachoweza kupotea tena.

4. Mgao usio wa haki unauma kama kidonda

Kuna mchezo ambao wataalamu wanautumia kupima haki. Watu wawili wasiojuana. Wa kwanza anapewa dola 10 na kuambiwa apendekeze namna ya kuzigawa. Wa pili akikubali, kila mmoja anachukua sehemu yake. Akikataa, wote wawili wanakosa. Kwa hesabu tupu, wa pili angekubali hata dola moja, kwa sababu moja ni zaidi ya sifuri. Lakini watu hawafanyi hivyo.

Mwaka 2003, Alan Sanfey na wenzake waliwachezesha watu mchezo huu huku wakipiga picha za ubongo wao kwa mashine. Walipopewa dola moja au mbili kati ya 10, karibu nusu ya mara walikataa. Na wakati huo sehemu ya ubongo inayoitwa insula iliwaka. Sehemu hiyo hufanya kazi pia mtu anaposikia maumivu au anaponusa kitu kinachochukiza. Lakini walipoambiwa kwamba mgao ule mdogo umetoka kwa kompyuta, si kwa mtu, walikubali mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo si udogo wa pesa peke yake uliowachoma. Ni kwamba mtu mwenzao amewadharau.

Wanakamati, mtu anayepiga kelele kwa sababu ya kikombe kimoja cha mafuta hapigi kelele kwa sababu ya kikombe tu. Anauliza: "Mimi ni mtu hapa, au si mtu?" Ukimjibu, "Kikombe kimoja ni kitu gani?" umemjibu swali lingine, na umeongeza kidonda. Ndiyo sababu mgao mdogo uliofanyika mbele ya wote unaweza kuleta utulivu, na mgao mkubwa uliofanyika gizani ukaleta mapanga. Someni orodha kwa sauti. Pimeni kwa chombo kile kile mbele ya macho ya watu. Wekeni mtu wa kila upande karibu na mzani, na mwanamke awe mmoja wao. Familia zinazowapokea wakimbizi nazo zikumbukwe, kwa sababu nazo zinahesabu kile walichokuwa nacho kabla wageni hawajafika.

5. Uhaba unabana akili

Huko India, katika jimbo la Tamil Nadu, wataalamu waliwapima wakulima 464 wa miwa. Mkulima wa miwa anapata pesa baada ya mavuno, hivyo miezi ya kabla ya mavuno ni ya shida na madeni. Walimpima mtu yule yule mara mbili, kabla ya mavuno na baada yake, kwa mafumbo ya kufikiri. Kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2013. Mtu ni yule yule na shule aliyosoma ni ile ile, ila sehemu ya akili yake ilikuwa imekaliwa na swali moja: nitalipa vipi?

Hivyo mama anayeuza mafuta ya msaada huenda anajua kabisa kwamba wiki ijayo atayahitaji. Lakini mtoto ana homa leo, na "leo" imejaza nafasi yote. Kumfundisha faida ya mafuta hakutamsaidia. Kitakachomsaidia ni kupunguza idadi ya mambo ambayo lazima aamue leo.

Hapa likelemba na vikundi vya akiba vina kazi kubwa kuliko pesa zake. Siku watu wana kidogo mkononi na akili imetulia, wanakubaliana sheria: kiasi hiki ni cha ugonjwa, hakiguswi kwa jambo lingine. Siku ya homa ikifika, uamuzi umekwisha kufanyika. Mambo yafuatayo nayo yaamuliwe mapema: tukikimbia usiku, nani anabeba mtoto mdogo, nani anamshika bibi mkono, na tukipoteana tunakutana wapi.

6. Je, breki inaweza kutengenezwa?

Ndiyo. Mfano mzuri unatoka Liberia, nchi iliyopita katika vita vya miaka mingi hadi mwaka 2003. Katika mji mkuu, Monrovia, walichukuliwa wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, madawa ya kulevya na fujo. Wengine kati yao walikuwa wamewahi kubeba silaha. Kwa kura, wengine walipewa mafunzo ya wiki 8, wengine dola 200, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa kitu.

Mafunzo yale hayakuwa mahubiri. Waliokuwa wakifundisha, baadhi yao walikuwa wamepita katika maisha hayo hayo. Walifanya mazoezi ya kutulia kabla ya kujibu hasira, kufikiri juu ya matokeo, kujisafisha na kuvaa vizuri, kuingia benki au dukani na kuzungumza na watu kwa heshima, kisha kurudi na kueleza ilikuwaje.

Mara ya kwanza, fujo na wizi vilipungua kwa wote waliofundishwa. Mwaka mmoja baadaye, kwa wale waliopata mafunzo peke yake, mabadiliko yalikuwa yamefifia. Pesa peke yake nazo hazikuacha mabadiliko ya kudumu. Lakini waliopata vyote viwili waliendelea. Watafiti, akiwemo Christopher Blattman, waliwatafuta tena baada ya miaka 10, na tabia zile mbaya bado zilikuwa zimepungua kwa karibu nusu.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mtu mzima aliyezoea fujo anaweza kujifunza kungoja kidogo kati ya hasira na mkono. Pili, mafunzo bila njia ya kuishi hayashiki, na pesa bila mafunzo hazikai. Tukimrudisha kijana kutoka msituni na kumpa semina ya siku tatu tu, tumempa nusu ya dawa.

7. Hatua tano kabla ya uamuzi mzito

Kama risasi zinalia, kimbia. Hatua hizi ni za wakati mwingine wowote.

1. Uliza: ni lazima leo? Anayekukimbiza uamue sasa hivi, mara nyingi anaogopa kwamba ukilala utakataa. Hasira hasara.

2. Tuliza kengele. Kunywa maji, kula ukiwa na chakula, pumua polepole, lala usiku mmoja. Breki haifanyi kazi vizuri kwa mtu aliyechoka.

3. Geuza maneno. Uliambiwa utapata nini? Jiulize utapoteza nini. Uliambiwa utapoteza nini? Jiulize utabaki na nini. Kama jibu linabadilika kila ukigeuza maneno, bado hujaamua.

4. Tafuta hatari ya kimya. Mkirudi kijijini, zaidi ya wenye silaha, kuna maji? Kuna kituo cha afya? Kuna mbegu? Njiani kuna mabomu yaliyofukiwa?

5. Muulize mtu asiyefaidika. Aliyeleta habari, yeye anapata nini tukiiamini? Sikilizeni watu wawili waliofika pale kwa macho yao, na ikiwezekana wawe wa jamii mbili tofauti.

Na kwa viongozi, mambo matatu: msiahidi msichoshika mkononi, gaweni mbele ya watu, na mnaposema na umati, msitaje tu kilichopotea.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni hatari gani yenye kelele inayotusumbua hapa tulipo? Ndugu yake wa kimya ni ipi?

2. Ni ahadi gani iliyotolewa hapa na haikutimizwa? Nani alilaumiwa? Alikuwa na kosa kweli?

3. Kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho vita havikumpokonya: ufundi, jirani, mtoto, lugha. Orodha hiyo inatufundisha nini?

4. Vijana wetu wanaambiwa nini na wanaowataka wabebe silaha? Sisi tunawaambia nini? Na tunawapa nini zaidi ya maneno?

5. Ni uamuzi gani ambao tunaweza kuufanya leo, tukiwa tumetulia, ili siku ya hofu tuwe tumekwisha kuamua?

Swali la tano msiliache hewani. Kabla kikundi hakijatawanyika, andikeni jibu lake, mlisome mbele ya wote, na mchague mtu wa kulitunza. Mtakapokutana tena, anzeni mazungumzo kwa kulisoma karatasi hilo.